Nani Kawaambia Mnahitaji Kibali?

Wiki hii nimechagua maswali sita kati ya mliyonitumia. Yaliyobaki ni matusi, na mawili yalikuwa ya kutafuta kazi.

"Sisi vijana wa Kondele tunataka kuandamana kuhusu maji. Kibali tunaomba kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) au kwa kamishna wa kaunti?"

Msimwombe mtu. Hili nimelijibu hadi koo limenikauka. Kibali kilizikwa mwaka 1997, Bunge lilipobadili sheria ya mikutano ya hadhara. Kabla ya hapo ulipiga magoti upewe leseni. Siku hizi unampelekea OCS notisi ya maandishi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla: mwandalizi ni nani, anapatikana wapi, siku gani, saa ngapi, mtapitia njia gani. Maandamano yawe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Bebeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Afande akiwa na sababu ya kuikataa notisi yenu, basi ni kwamba kundi jingine limeshatoa notisi ya mahali hapo siku na saa hiyo hiyo. Haki yenyewe mmepewa na kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010. Yeye anaarifiwa tu.

Juzi kikundi kimoja hapa Nakuru kiliniletea barua niikague. Mstari wa kwanza: "Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba ruhusa yako." Nikaukata kwa kalamu nyekundu, nikaandika juu yake: "Tunakuarifu." Mwenyekiti akanikodolea macho. "Mzee, si afande ataona tuna kiburi?" Haki huanza kupotelea hapo, kabla hata gesi ya machozi haijanuka. Mwenye haki akijiandikia kama mwombaji, anayeipokea barua naye anajiona mtoaji.

"Mwalimu, naomba hotuba moja ya Kikenya ya insha yangu kuhusu uhuru." (Mwanafunzi, Njoro)

Insha ni yako, lakini leo nakuonea huruma. Juni 1958 Jaramogi Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema Kenyatta na wenzake, waliokuwa kifungoni, bado ndio viongozi mioyoni mwa watu. Baadhi ya Waafrika wenzake humo ndani walimruka. Miaka michache baadaye "Uhuru na Kenyatta" ikawa wimbo wa kila jukwaa.

Kisha njoo Kisumu, 25 Oktoba 1969. Jaramogi na Kenyatta, sasa akiwa Rais, walirushiana maneno kwenye ufunguzi wa hospitali, askari wakaufyatulia umati risasi, na siku tano baadaye chama cha upinzani cha Jaramogi, KPU (Kenya People's Union), kikapigwa marufuku. Uandike hivyo, "askari waliua watu". Usiniletee "watu walipoteza maisha". Maisha si funguo za nyumba.

"Ni kweli Rais Moi aliwataka mawaziri waimbe kama kasuku, wakifuata wimbo wake?"

Kweli, Septemba 1984. Wengine waliuzoea wimbo hivi kwamba hata baada ya kifungu cha 2A cha katiba ya zamani, kile cha chama kimoja, kufutwa Disemba 1991, hawajaacha. Wamebadilisha kiitikio tu.

"Uhuru wa kusema si una mipaka?" (Kakamega)

Una. Kifungu cha 33(2) cha Katiba, kisome, hakijazi hata nusu ukurasa. Uchochezi wa ghasia umo, matamshi ya chuki yamo. Kumkera mbunge wako hakumo.

"Kwa nini waandamanaji wa 2024 waliitwa wahaini?" (Milimani, Kisumu)

Usiku wa 25 Juni, baada ya Bunge kuvamiwa, Rais Ruto aliyaita yaliyotokea ya kihaini. Kesho yake akatangaza kwamba hatautia sahihi Mswada wa Fedha, ule uliowatoa watu barabarani. Uhaini katika sheria zetu adhabu yake ni kifo. Si neno la kunyunyizwa kwenye televisheni kama chumvi.

Lakini nanyi msijitie utakatifu. Kwenye makundi ya WhatsApp niliyomo, asiyekubaliana nanyi ni "msaliti", na mnataka namba yake ya simu na mahali anapolala. Sisi wa Nakuru tuliona maneno yanakofikisha watu Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi. "Madoadoa", yaani watu wa makabila mengine wanaoonekana wageni, lilikuwa neno la mikutano ya siasa, nakumbuka watu wakilichekea. Halafu jirani zetu wakawa wanabeba magodoro kichwani, wakitafuta mahali pa kulala.

"Kibali cha maandamano kinalipiwa pesa ngapi?" (Free Area)

Rudi swali la kwanza. Polepole.