Maswali na majibu: Daftari la mdahalo na wanaotaka kulichana

Barua za safari hii karibu zote ni za vyama vya mdahalo na makabrasha yao. Zile za "nitumie PDF" nimezipita.

*Ni kweli kumbukumbu za mdahalo wa Oxford wa "mfalme na nchi" zilichanwa?* (Morogoro)

Kweli. Tarehe 9 Februari 1933, Oxford Union, chama cha mdahalo cha wanafunzi wa Oxford, Uingereza, kilichoanza 1823, kilipitisha hoja kwamba kwa hali yoyote ile hakitapigania mfalme wala nchi. Kura 275 ziliunga mkono, 153 zikapinga. Magazeti yakachachamaa. Chama kikatumiwa sanduku la manyoya meupe 275, unyoya mmoja kwa kila kura, na kwa Waingereza unyoya mweupe maana yake mwoga. Kisha vijana wenye hasira wakachana kurasa za mdahalo huo kwenye daftari la kumbukumbu.

Randolph Churchill, mtoto wa mwanasiasa Winston Churchill, akaja kwa njia ya adabu kidogo: aliwasilisha hoja rasmi kwamba uamuzi ule ufutwe katika kumbukumbu. Akaangushwa vibaya, kura 750 kwa 138. Piga hesabu mwenyewe: waliomkatalia ni zaidi ya mara mbili ya wale 275. Kumbe mtu aweza asiiunge mkono hoja na bado akataka ibaki imeandikwa. Makatibu wetu wanaosubiri mwenyekiti "aurekebishe" muhtasari ndipo wauandike, hapo wasome mara mbili.

*Naomba majina ya wale 275.* (Nakuru)

Huyapati. Kura hupigwa kwa kutoka ukumbini, wanaounga mkono kwa mlango wao na wanaopinga kwa wao, na wahesabuji wakahesabu vichwa. Daftari hushika idadi. Mwenye "orodha kamili" mtandaoni muulize kaitoa wapi.

*Si hoja hiyo ndiyo iliyompa Hitler kichwa?*

Swali hili tena! Hitler alishika ukansela wa Ujerumani tarehe 30 Januari 1933, kabla kura haijapigwa. Kama baadaye alijali, wanahistoria wanabishana, na daftari la wanafunzi halikuambii Berlin waliwaza nini.

*Malcolm X alishinda mdahalo wake Oxford?* (Mombasa)

Hapana. Desemba 3, 1964 huyo mpigania haki za Wamarekani weusi alizungumza Oxford Union, BBC wakamrekodi, akashangiliwa, na upande wake ukashindwa kwa kura. Ukitazama video tu utaapa kashinda.

*Klabu ya mdahalo ya shule yetu ina madaftari ya tangu miaka ya sitini. Tumeyapiga picha kwa simu. Tuyachome tupate nafasi stoo?* (Tabora)

Msichome! Picha ya simu haikuonyeshi vizuri neno lililokwanguliwa kwa wembe likaandikwa jingine juu yake, wala sahihi ya mwenyekiti iliyowekwa baadaye kwa kalamu tofauti. Mara nyingi ugomvi wa chama umejificha hapo hapo.

Pini zilizoota kutu zinyanyueni taratibu, msizivute. Selotepu msiibandike, gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka. Kulamineti ndiyo kabisa msithubutu. Wekeni madaftari kwenye rafu iliyoachana na ukuta na sakafu, maana mchwa hupandia huko, na msiyafunge kwenye mifuko ya nailoni yakaota ukungu. Mkitaka kuyapeleka kwenye nyaraka za taifa, ulizeni kwanza kama wanayapokea, na mkikabidhi daieni hati ya makabidhiano.

Mtafiti asomee hapo hapo. Haondoki na daftari, hata akiwa profesa. Na mkikuta mada ya aibu, mathalani wavulana wakibishana kama msichana astahili kusoma, msiifiche. Hiyo ndiyo itakayowaleta watafiti.

*Babu alisema alikuwa kwenye chama cha mdahalo, lakini kwenye muhtasari jina lake silioni. Alitudanganya?*

Si lazima. Katibu huandika wasemaji wakuu, wa ukumbini wakaishia kuwa "wajumbe wengine walichangia". Tafuta leja ya ada. Aliyelipa aliandikwa, hata kama hakufungua mdomo mwaka mzima.