Maswali ya wasomaji: Mguu wa bandia unapoanza kupwaya

SWALI: Baba yangu alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Mguu wa bandia aliopewa miezi mitatu iliyopita ulimkaa vizuri, lakini sasa unapwaya na ncha ya kigutu inamuuma. Tudai mwingine? – Msomaji, Tanga

JIBU: Msiharakie. Inaelekea kigutu ndicho kilichopungua, jambo la kawaida mwaka wa kwanza: uvimbe wa upasuaji hwisha na misuli isiyofanya kazi husinyaa.

Soketi, kile kikombe kinachopokea kigutu, haikuundwa ili uzito ukae nchani. Zamani wengi waliokatwa chini ya goti walifungwa ngozi pana pajani, yenye vyuma pembeni, ili paja lisaidie kubeba. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walibuni soketi inayoegemea kano iliyo chini ya pia ya goti, mahali panapostahimili shinikizo, na kuupa ugoko nafasi. Soketi nyingi za leo ni za ukoo huo. Kigutu kikikonda huzama, kano ikashuka chini ya egemeo lake, na ncha ya mfupa ikagonga.

Dawa ya kwanza ni soksi za kigutu, ambazo huuzwa kwa unene wa nyuzi 1, 3 na 5. Aongeze moja nyembamba, atembee kidogo, kisha avue mguu na kutazama ngozi. Wekundu ukiwa chini ya pia ya goti na ukafifia baada ya dakika 10 hivi, amepatia. Ukiwa nchani, bado anazama. Lakini asizidishe: ncha inayoning'inia bila kuguswa na soketi hujaa maji, ikageuka zambarau na ngozi ikawa ngumu. Soksi isiwe na mkunjo hata mmoja. Kigutu huweza kupungua tena kadiri siku inavyoendelea, kwa hiyo atembee na soksi ya akiba.

Jumla ikifika nyuzi 10 hadi 15, soksi hazitoshi tena. Fundi achukue umbo upya kwa plasta na kutengeneza soketi nyingine; wayo ukiwa mzima unaweza kurudishwa.

Tafadhali zingatieni hili: kisukari huua hisia, hivyo asingoje maumivu. Akague kigutu kwa kioo asubuhi na jioni, na mguu aliobaki nao pia. Akiona lengelenge au kidonda, avue mguu wa bandia na aende kliniki siku hiyohiyo.

SWALI: Kuna mguu wa bandia wa kutembelea peku? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Upo, nao ulizaliwa India. Mwaka 1968 huko Jaipur, fundi sanamu Ram Chandra Sharma na daktari wa mifupa P. K. Sethi waliona wagonjwa wakiitupa miguu ya kigeni, kwa kuwa ilidai kiatu na haikuruhusu kuchuchumaa. Wakatengeneza wayo wenye kisigino na sehemu ya mbele za mpira wa sponji, na kipande cha mbao kwenye kifundo, vyote vikafunikwa mpira na kupikwa ndani ya kalibu. Unapinda pande zote na haudhuriki kirahisi na maji ya shambani. Upungufu wake ni uzito, na ubora hutegemea mkono wa fundi: tabaka za mpira zisiposhikana vizuri, wayo huanza kupasuka. Kagua nyufa kila unapouosha.