Kupima chipu kwa Arduino: wastani hauleti nanosekunde

SWALI: Shikamoo mhandisi. Natengeneza kifaa cha kupima chipu za 74HC04 (zenye geti, yaani saketi ndogo za kugeuza ishara) kiotomatiki kabla sijazichomelea kwenye bodi, maana sokoni bandia zimezidi. Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kompyuta, inatuma pigo upande mmoja wa chipu, inalisoma likitokea upande wa pili, na micros(), amri yake ya kusoma saa, inatoa muda. Nimerudia mara 10,000 nikachukua wastani, nikapata mikrosekunde 7.4164. Video moja inadai ukiongeza sampuli usahihi unapanda. Mbona chipu ninayoiamini na ile ninayoishuku zinatoa jibu lilelile? – Fundi, Mwanza

JIBU: Marahaba. Hujapima chipu bado. Namba hiyo ni muda ambao Arduino yenyewe inatumia kuandika kwenye mguu mmoja, kusoma mwingine na kuita micros(). Kwa volti 5, geti moja la 74HC04 kwa kawaida huchelewesha ishara kwa nanosekunde zisizofika 10. micros() ya Uno inaruka kwa hatua za mikrosekunde 4, yaani nanosekunde 4,000. Ni kupima unene wa wembe kwa futi ya fundi cherehani.

Hilo la wastani ndilo linaloniudhi, kwa sababu linafundishwa na watu ambao hawajawahi kulinganisha kipimo chao na kingine chochote. Wastani husaidia pale kosa linapotawanyika, juu mara hii, chini mara ile. Kwako pigo linatoka kwenye saa ileile inayolipima, kwa hiyo kosa linaangukia karibu palepale kila mara. Rudia mara milioni ukitaka. Zile tarakimu nne baada ya nukta zimezaliwa na kugawanya tu, na hakuna hata moja iliyotoka kwenye chipu.

Waliohitaji nanosekunde kwelikweli walibadili namna ya kupima. Mwaka 1968 mtafiti Ronald Nutt alieleza mbinu ambayo saa inahesabu mapigo mazima, halafu vipande vinavyobaki mwanzoni na mwishoni vinapimwa peke yake na saketi nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kaunta (kifaa cha kuhesabu mapigo na kupima muda) ya HP 5370A ilikuwa inatofautisha pikosekunde 20, yaani nanosekunde 0.02, kwa pigo moja. Hiyo ilikuwa kazi ya saketi, hakuna programu ya kupakua ingeileta.

Wewe huhitaji kufika huko. 74HC04 ina geti sita. Unganisha matano kwa duara, la mwisho lirudi kwa la kwanza, nayo yataanza kutetema yenyewe. La sita litoe ishara nje, ili kaunta isilemee duara. Kila geti likichelewa nanosekunde 8, ishara ikizunguka mara mbili ndipo mtetemo mmoja unakamilika, ni nanosekunde 80, yaani megahezi 12.5. Uno haiwezi kuhesabu kasi hiyo, kwa hiyo pitisha kwanza kwenye 74HC393, chipu ya kuhesabu mapigo, igawanye kwa 16, kisha ingiza mguu wa 5, uhesabu kwa sekunde moja. Saa ya Uno ni rezoneta ya kauri, yaani kipande cha kauri kinachotetema kutoa mapigo, inaweza kukosea kama asilimia 0.5, lakini hiyo kwenye nanosekunde 8 ni 0.04 tu.

Kinachoharibu zaidi ni umeme. Volti zikishuka chipu inachelewa, kwa hiyo usiilishe kwa USB ya kompyuta leo na chaja ya simu kesho. Weka kapasita ya 100 nF karibu kabisa na soketi, na waya ziwe fupi, maana kila sentimita 20 hivi za waya ni nanosekunde nzima.

Kwa njia hii 4069, chipu ya kazi hiyohiyo ila ya polepole, iliyofutwa maandishi na kuandikwa 74HC04 itajulikana. Miguu yake inalingana na itawasha taa vizuri tu, ila kwa volti 5 inachelewa makumi ya nanosekunde. Lakini chipu ikipita hapa usiseme ni halisi. Umejua kasi yake, hujajua itabeba mkondo kiasi gani wala itastahimili joto lipi.

Na hapa nawaambia wote mnaonunua zile mashine za kupima zenye taa ya kijani. Taa ya kijani inasema matokeo yameingia ndani ya mipaka aliyoweka mtu fulani. Muulize muuzaji mipaka hiyo ni ipi, hatua ndogo kabisa ya kipimo ni ngapi, saa ya ndani ni kristali au rezoneta, na mara ya mwisho ililinganishwa na nini. Akijibu kwa kukuonyesha idadi ya tarakimu kwenye kioo, usitoe hela. Kwa kazi ambayo mteja anakulipa kwa cheti, peleka kifaa kwenye maabara ya ugezi (ya kulinganisha vipimo na viwango), kama ya mashirika ya viwango TBS la Tanzania au KEBS la Kenya, na uulize kwanza kama wanapokea vifaa vya masafa na muda.