Upanga Mpya Unaolegea Mpini: Majibu kwa Wasomaji wa Lubumbashi

Tangu kiangazi kianze, maswali mengi yanayonifikia kwenye karakana yanahusu jambo moja: upanga, kisu au panga lililofuliwa kwa mkono, likanunuliwa likiwa zima, nalo sasa linacheza mkononi. Nimechagua maswali sita. Nimeyafupisha bila kubadili maana yake.

Jambo, Papa Fundi. Mwezi wa Februari nilinunua upanga wa Kijapani uliofuliwa kwa mkono, kwa ajili ya mazoezi. Ulipofika ulikuwa umekaza kila mahali. Sasa ni Julai, na nikiutikisa nasikia kitu kinagonga karibu na kinga ya mkono. Je, niliuziwa kazi mbovu? (Kijana wa Kampemba)

Si lazima, mwanangu. Mwezi wa Februari mvua za hapa hazitupi nafasi, na kila mbao nyumbani mwako imevimba. Kuanzia Mei mvua hukatika, na hadi Septemba hewa hukauka kiasi kwamba mlango uliokuwa ukikwama hufunguka wenyewe usiku. Mpini wa upanga wako nao ni mbao. Kwa desturi ya Kijapani huchongwa vipande viwili vya mti mwepesi wa jamii ya magnolia, vikagundishwa, vikafunikwa ngozi ya taa, yule samaki bapa wa baharini, na juu yake ukazungushwa utepe wa pamba au wa hariri. Ndani umeingia msuka, yaani ule mkia wa chuma usio na makali, na kinachouzuia usitoke ni kigingi cha mwanzi, wakati mwingine viwili. Mbao iliyovimba ikibanwa na chuma, nyuzi zake hupondeka, na ikikauka haiwezi kurudi ilivyokuwa. Kigingi nacho husinyaa. Basi mpini unarudi nyuma kwa kiasi cha unywele, kinga inapoteza mbano wake, nawe unasikia kugonga.

Kabla ya kugusa chochote, tafuta sauti inatoka wapi. Ukiwa umeuelekeza upanga mbali na watu, ibane kinga kwa vidole viwili na kutikisa taratibu. Sauti ikinyamaza, tatizo ni kinga tu, nalo ni dogo. Ikiwa bamba lenyewe, yaani ule mwili wa chuma wenye makali, linacheza ndani ya mpini, tatizo ni kubwa, na upanga huo usiinuliwe tena kwa mazoezi hadi utengenezwe, kwa sababu wakati wa kupunga uzito wote wa chuma huvuta kuelekea mbele, palipo na wenzako.

Kwa kinga iliyolegea, dawa ni shaba. Pande zote mbili za kinga kuna vibati vyembamba ambavyo Wajapani huviita sepa, na kazi yake ni hiyohiyo, kujaza nafasi. Toa kigingi kwa kukigonga na kijiti cha mbao ngumu au cha shaba, kutokea upande ule kigingi kilipo chembamba. Simamisha upanga ukiwa umeinama kidogo, shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, kisha jigonge kwa ngumi ya kulia juu ya kifundo cha mkono huo wa kushoto. Mpini utaanza kuachia. Weka kila kipande mezani kwa mpangilio ulivyokitoa, kwa maana sepa ya mbele na ya nyuma mara nyingi hazifanani. Ili kujua unene unaohitajika, kata karatasi ya kawaida ya ofisini kwa umbo la sepa, ongeza moja moja na kuufunga upanga kila mara hadi sauti iishe. Karatasi moja ina unene wa karibu milimita 0.1, hivyo karatasi nne zikutume utafute bati la shaba la milimita 0.4.

Katika mji wetu shaba haitakusumbua kuipata. Mafundi wanaofua picha juu ya bati la shaba huwa na vipande vinavyobaki, na vingi ni vyembamba vya kutosha. Ikiwa kipande kimekuwa kigumu kwa kupigwa nyundo, kipashe moto hadi kianze kuwa chekundu, kisha kitumbukize majini: shaba hulainika, tofauti na chuma cha pua ambacho kwa tendo hilohilo kingekuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Sepa yako mpya usiigundishe. Mvua zitakaporudi mwezi wa Novemba mbao itavimba tena, na huenda ukalazimika kuitoa.

Kigingi cha upanga wangu kinatoka chenyewe nikikisukuma kwa kidole. Rafiki yangu anasema tuweke msumari, tumalize kazi. (Msomaji wa Ruashi)

Mwambie rafiki yako ahsante, kisha msumari mbaki nao kwa kazi ya mabati. Msumari hauna mtelemko wa unene kama kigingi, hivyo haubani. Kila upanga unapopungwa, chuma husaga tundu la mbao na kulipanua, na kutu huongeza uharibifu. Mwanzi una nyuzi ndefu, ukianza kuchoka hupasuka unyuzi mmoja mmoja, nawe unapata onyo kabla haujakatika wote.

Chukua mwanzi uliokauka kwa miezi, si ule ulioukata juzi, nao utoke sehemu ya nje karibu na ganda, ambako nyuzi zimesongamana. Uchonge upande mmoja uwe mwembamba kuliko mwingine, ujaribu mara kwa mara, na uache kuuchonga wakati bado unahitaji kugongwa kidogo kwa kinyundo ili ufike mwisho. Kisha kata vichwa vyake visitokeze. Jenga mazoea ya kukigusa kigingi kwa kidole gumba kila unapouchukua upanga. Ni kazi ya sekunde mbili.

Papa, shoka langu likilegea nalitumbukiza kwenye ndoo usiku mmoja na asubuhi linakaza. Je, upanga nao? (Msomaji wa Annexe)

Hapana. Hata kwa shoka unajikopesha tu: mbao inavimba, inajiponda dhidi ya chuma, na ikikauka inakuwa nyembamba kuliko jana. Tena shoka na jembe za wahunzi wetu wa asili zina siri ambayo upanga hauna. Msuka wake huchongoka na kupenya kichwa kinene cha mpini, hivyo kila pigo huusukuma ndani zaidi na kujikaza lenyewe. Ukipunga upanga, msuka unavutwa nje. Na maji yakiingia ndani ya mpini wa upanga hayana pa kutokea. Utakuja kuona kutu baada ya mwaka, wakati umeshachelewa.

Kikundi chetu cha maigizo kimenunua upanga wa mtindo wa Ulaya wenye kirungu cha chuma mwishoni mwa mpini. Kirungu kimeanza kuzunguka. Tutie gundi? (Msomaji wa Kamalondo)

Tazameni kwanza mwisho wa kirungu. Mkiona nati, kazeni kwa kipimo, na kama mbao imesinyaa sana wekeni kipande cha ngozi nene kati ya mpini na kirungu kabla ya kukaza. Mkiona badala yake ncha ya msuka iliyopigwa nyundo ikatandazwa kama kichwa cha ribiti, basi hapo hakuna cha kufungua. Bamba libanwe kwenye eto, yaani jiliwa, katikati ya mbao mbili zilizovikwa kitambaa, kirungu kikielekea juu, halafu ncha hiyo ipigwe kwa nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi kutoka katikati kwenda ukingoni. Pigo moja zito linaweza kupasua mbao ya mpini, nami nimewahi kulipiga.

Kuhusu gundi nitasema wazi: naichukia mahali hapa. Miaka ya nyuma nilijaza mpini wa mteja kwa ile gundi ngumu inayochanganywa kutoka mirija miwili, ukawa kama jiwe, naye akafurahi. Bamba lilipokuja kupindika ilinibidi nipasue mpini wote kwa patasi ili niutoe msuka, na mpini mpya nikachonga bila malipo. Zaidi ya hayo, upanga wa jukwaani unaogongana na mwingine unatakiwa kuwa umetengenezwa kwa kazi hiyo, wenye makali butu. Kama wenu ni wa kuwekwa ukutani, kukaza kirungu hakutaugeuza kuwa wa vita.

Mimi sina upanga, nina panga la muhunzi nililonunua soko la Kenya, hapa mjini. Mpini umechomoka wote. Kijana wa jirani anataka kuchoma msuka motoni na kuupigilia tena. (Mama wa Katuba)

Mama, njia ya kijana huyo ni ya zamani na inafanya kazi, ila asipime moto kwa macho ya haraka. Joto likipanda kutoka kwenye msuka hadi kwenye makali, ugumu uliotolewa na muhunzi unapotea: chuma kikifika karibu nyuzi joto 220 hupata rangi ya manjano hafifu, na kwenye 300 hivi huwa cha buluu, na makali yaliyogeuka buluu hayatakaa tena kama kwanza. Kwa hiyo alifunge bamba lote kwa tambara lililolowa maji, alimwagie tena kila linapokauka, na apashe ncha ya msuka peke yake.

Mpini mpya ukihitajika, omba mti wa mninga, ambao wengi hapa Katanga huuita mulombwa. Unasinyaa kidogo sana kuliko miti mingi, ndiyo sababu maseremala wanaupenda. Mdomoni mwa mpini ivikwe pete ya chuma au ya shaba, ili mbao isipasuke msuka unapoingia.

Ala ya upanga wangu mpya imelegea. Nikiinamisha, upanga unateleza nje. Nirudishe kwa muuzaji au nitengeneze? (Msomaji wa Kamalondo, mwingine)

Ala inatengenezeka nyumbani, usirudishe. Rudisha ukikuta mpini umepasuka, au msuka ni mfupi kiasi kwamba haufiki theluthi mbili za mpini, au muuzaji alijaza nafasi kwa katoni na gundi. Hayo ni makosa ya utengenezaji, si ya kiangazi. Piga picha kabla ya kufungua chochote, kwa sababu wauzaji wengi hukataa upanga uliokwisha kufunguliwa.

Kwa ala, chonga ubamba wa mbao mwembamba kama karatasi nene, uugundishe ndani ya mdomo ubavuni, kamwe si upande wa makali, maana yataukata siku ya kwanza. Tumia wali uliopondwa ukawa uji mzito, kama mafundi wa Japani wanavyogundisha ala zao: hushika vizuri, na siku ala ikihitaji kusafishwa ndani, huachia bila kuivunja mbao. Acha ikauke usiku mzima pasipo upanga ndani, kisha sugua kwa msasa laini hadi upanga uingie kwa kusukumwa kidogo na ubaki mahali pake ukiugeuza mdomo chini.