Maswali yenu: msafara, shikamoo na dada wa kazi

Swali (Mbagala): Katiba inasema tuko sawa, mbona msafara wa mkubwa ukipita tunagandishwa kwenye daladala?

Ibara ya 12 kweli inasema wote ni sawa, ila haijasema wote tuna kazi moja. Ambulensi ikipita tunapisha na hakuna anayenuna maana sababu tunaiona, sasa na mkubwa naye awe na sababu ambayo hata konda akielezwa ataielewa. John Rawls, yule mwanafalsafa Mmarekani, aliandika 1971 kwamba tofauti za kipato na madaraka zinakubalika kama nafasi zipo wazi kwa wote na aliye chini kabisa anafaidika. Mi nakubaliana naye kwa sehemu kubwa.

Swali (Sinza): Shikamoo si utumwa?

Hapana bwana. Inafuata umri, na umri ukijaliwa utakufikia na wewe. Kinachoniudhi ni mlinzi wa miaka 60 kumwamkia shikamoo bosi wa miaka 30, na bosi anaitika marahaba bila aibu!

Swali (Tabata): Dada wa kazi namlipa kwa wakati, ila anakula jikoni. Mume wangu anasema nambagua.

Hili ndo gumu kuliko yote. Elizabeth Anderson, mwanafalsafa, alibisha mwaka 1999 kwamba usawa sio kugawana vitu tu, ni watu kuishi bila mmoja kumnyenyekea mwenzie, kwa hiyo unaweza ukalipa vizuri na bado nyumbani kwako kuna mkubwa na mdogo. Lakini usikimbilie kumburuza mezani, pengine jikoni ndo anapata kupumzika mbali na nyie (mi ningepumzika). Muulize, halafu jiangalie: anaweza kukwambia "mama, leo sitaki" na asinuniwe wiki nzima? Watoto wako wanamwita dada, au wanamwita "we"? Nyumba nyingi za hapa mjini zinafeli hapo, sio kwenye sahani.

Swali (Temeke): Enzi za Mwalimu Nyerere watu walikuwa sawa kweli?

Waliitana ndugu, na Azimio la Arusha la 1967 likawakataza viongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Ila kumbuka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), Mwalimu akakasirika akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wao akawarudisha makwao. Yote mawili kaamua yeye.