Rovu la bibi si la kurogwa

Kamwene dada. Umeuliza kama rovu la bibi yako kule Makete, ule uvimbe wa shingoni, lilitokana na kubeba kuni au kurogwa, ukataja na uvimbe wako mwenyewe. Hapana, si kuni wala kurogwa.

Pale mbele ya shingo kuna tezi ya thairoidi, umbo lake kama kipepeo. Inatengeneza homoni inayoamua kasi ya mwili: joto, mapigo ya moyo, ukuaji wa mtoto. Homoni hiyo haitengenezeki bila madini joto, na huku milimani mvua imeyaosha udongoni miaka na miaka, kwa hiyo hata viazi vya shambani vinayo kiduchu.

Sasa utamu uko hapa. Homoni ikipungua kwenye damu, tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, pituitari, inagundua na kutuma homoni yake kuihimiza thairoidi: ongeza! Thairoidi malighafi haina, ila inahimizwa usiku na mchana, basi inavimba, na hilo ndilo rovu. Ni sawa na kumfokea mpishi wa ugali wakati unga umeisha.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku. Mjamzito 250, na hapo msifanye mchezo, maana ubongo wa mtoto tumboni unategemea homoni hiyo. Chumvi yenye madini joto ndiyo kinga, ila ifunikeni. Ikikaa wazi kando ya moto hupungua nguvu.

Kuhusu uvimbe wako mwenyewe, nenda ukapimwe damu. Rovu lina sababu nyingine pia, siyo upungufu wa madini joto tu.