Kwa nini atibiwe bure aliyetoka jela?

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Kaka yangu alivamiwa na majambazi wakamvunja mguu. Huu ni mwaka wa pili tunachangishana kwenye ukoo kulipia matibabu yake. Juzi nikasikia kwamba mtu akimaliza kifungo anaweza kuendelea kupewa dawa kwa fedha za serikali. Fedha zipi, kama si kodi zetu? La pili: kijana wa jirani ametoka jela wiki iliyopita na anameza dawa za kifua kikuu. Mama yake hajui kusoma, ameniomba nimsindikize mwanawe kliniki. Moyo unakataa. Nifanyeje?
Dada wa Majeruhi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana, na mpe kaka yako pole zangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara naishia kwenye ule mguu. Sitakuambia usikasirike.

Ila mimi nimefanya kazi miaka 19 katika zahanati ya gereza: chumba kimoja, dirisha la nondo, kabati la dawa lenye kufuli mbili. Waliopita mbele yangu hawakuwa malaika. Wapo niliowaogopa, na mmoja nilimchukia kabisa, lakini kila Jumatatu nilimpima presha. (Nadhani yangu ndiyo iliyokuwa ikipanda.) Kwa hiyo usidhani nawatetea kwa huruma tu.

Nikupe kisa ambacho hata mimi nina lawama ndani yake. Kulikuwa na mfungwa niliyemwanzishia dawa za kifua kikuu. Tiba ya kawaida ni miezi 6: miwili ya mwanzo dawa nne kwa pamoja, kisha minne ya dawa mbili. Mojawapo, rifampisini, hugeuza mkojo ukawa wa rangi ya chungwa, na wenzake walikuwa wakimtania kwamba amegeuka shamba la machungwa. Mwezi wa tatu wa tiba jina lake likasomwa kati ya wanaoachiliwa. Lilisomwa asubuhi, na kabla ya saa nne alishafika getini. Barua ya rufaa nilikuwa sijaiandika. Nikamkimbilia na dawa za wiki mbili mkononi, nikamwambia, “Zikiisha, nenda hospitali yoyote.” Hiyo hospitali yoyote ikamdai karatasi ambayo sikumpa, na malipo ambayo hakuwa nayo.

Alirudi kwetu baada ya miezi minane kwa kosa jingine, anakohoa. Vipimo vikaonyesha kifua kikuu sugu, rifampisini haifui dafu tena. Miezi yote hiyo alikuwa akilala chumba kimoja na wadogo zake na kupanda magari ya abiria pamoja na watu kama wewe na mimi. Tiba ya kifua kikuu sugu ni ndefu zaidi na gharama yake ni kubwa mara nyingi zaidi. Ililipwa na nani? Na kodi ile ile unayoililia.

Si kwetu tu. New York, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kifua kikuu sugu kilizunguka kati ya magereza na hospitali, na mwaka 1991 askari magereza aliyekuwa akilinda wagonjwa aliambukizwa akafa. Huko huko Marekani kuna jambo ambalo hunishangaza hadi leo. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu yao ya mwaka 1976, mfungwa ana haki ya kikatiba ya kutibiwa akiwa ndani. Anapotoka nje ya geti, haki hiyo inakoma. Watafiti walifuatilia zaidi ya watu 30,000 walioachiliwa katika jimbo la Washington na kuchapisha matokeo mwaka 2007: katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya wakazi wengine. Kilichoua zaidi ni dawa za kulevya. Mwili ukikaa muda mrefu bila kuzitumia husahau kipimo cha zamani, mtu akikirudia kinammaliza. Mwaka 2023 California ikawa jimbo la kwanza kuruhusiwa kutumia Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kuanza kumhudumia mfungwa hadi siku 90 kabla hajatoka, ili akifika mtaani awe tayari ana daktari na dawa.

Umoja wa Mataifa nao, katika Kanuni za Nelson Mandela za mwaka 2015, unataka tiba ya gerezani ifungamane na huduma za afya za nje ili matibabu yasikatike, na kifua kikuu kimetajwa kwa jina. Mandela mwenyewe aliugua kifua kikuu mwaka 1988 akiwa mfungwa. Alitibiwa akapona, na alipotoka 1990 alitoka na mapafu yake.

Je, apewe kila kitu? Hapana. Aliye katikati ya dozi aimalize, mwenye kisukari asikose insulini, mwenye VVU asikose dawa zake, na anayetibiwa ugonjwa wa akili asiachwe njiani. Zaidi ya hapo apange foleni na apate anachopata raia mwingine yeyote. Meno ya bandia ajinunulie, kama mimi nilivyojinunulia yangu.

Sasa kaka yako. Kinachokuuma ni kwamba aliyeumizwa hana aliyemsogelea, na hapo nakuunga mkono bila masharti. Lakini kijana wa jirani akinyimwa dawa kesho, hata bandeji moja haitahamia kwenye mguu wa kaka yako. New Zealand ilitunga sheria ya serikali kuwafidia walioumizwa na wahalifu mwaka 1963, na Uingereza ikaanza mpango wake mwaka uliofuata. Hilo ndilo la kumdai mbunge wako. Na kama waliomvamia walikamatwa, muulize mwendesha mashtaka kama mahakama inaweza kuwaamuru walipe fidia. Wengi hawaulizi.

Kuhusu kliniki, nenda naye. Mwambie abebe barua ya rufaa kutoka gerezani pamoja na kadi yake ya matibabu. Asipokuwa nayo, muulize alianza dawa tarehe ngapi, na uiandike. Kama hajatimiza wiki mbili tangu aanze, avae barakoa, nanyi mkae karibu na dirisha. Kabla hamjaondoka nyumbani, hesabu vidonge vilivyobaki. Vikiwa havitoshi siku saba, msisubiri siku ya miadi, nendeni leo.